Msomaji Ndiye Anayeuliza
Mhadhara uliotolewa Sigor, Kaunti ya Bomet



Nimeombwa nizungumze juu ya kusoma riwaya kwa raha tu, nikaachiwa uhuru wa kuchagua ni riwaya zipi. Nimechagua riwaya ya upelelezi na riwaya ya kihistoria. Sababu yangu naitaja mapema ili mnipime nayo. Shule imetuzoesha kusoma kama watu wanaosubiri kuulizwa. Riwaya za aina hizi mbili humgeuza msomaji akawa yeye ndiye mwenye maswali, na raha yake yote imo humo.

Mwambieni kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne awakumbushe karatasi ya tatu ya Kiswahili. Atawatajia Kidagaa Kimemwozea, au Chozi la Heri, au Nguu za Jadi, kulingana na mwaka wake, na papo hapo atawatajia lile swali: eleza muktadha wa dondoo hili. Ken Walibora alikuwa msimulizi hodari, na Assumpta Matei na Clara Momanyi wana mengi ya kusema. Lakini kitabu kikisomwa na mwongozo ubavuni, maudhui yakaorodheshwa na mbinu za uandishi zikahesabiwa, mwanafunzi anaishia kujua mengi kukihusu kabla hajapata hamu ya kujua lolote. Siku ya mtihani ikipita anakifunga, na wengi hawafungui kingine maishani. Siwalaumu walimu. Wao wenyewe wanapimwa kwa alama. Ninachosikitikia ni kile alichokikosa kijana huyu.

Alichokikosa kimekuwapo katika Kiswahili zaidi ya miaka sitini sasa. Katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957 na 1958, yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ushindi ulikwenda kwa Mzanzibari, Muhammed Said Abdulla, mtu aliyehariri gazeti la kilimo lililoitwa Mkulima. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa kitabu mwaka 1960. Mtu mwenye mali na mashamba ameuawa, na maiti yake imekutwa penye mzimu, mahali watu wanapopeleka nadhiri zao. Watu wa pale hawana haja ya kuchunguza, kwa kuwa jibu wanalo tayari. Ndipo anapoingia Bwana Msa, kiko mdomoni, na rafiki yake Najum, na kwa upole usioudhi mtu anaanza kuuliza nani alikuwa wapi, nani alidaiwa na nani, nani alirithi nini.

Msomaji aliyesoma hadithi za Sherlock Holmes, ambaye Arthur Conan Doyle alimtoa mara ya kwanza mwaka 1887, atautambua ukoo wa Bwana Msa mara moja. Kiko kinatosha kumtambulisha. Ila tofauti yao ni kubwa kuliko kufanana kwao. Holmes anaishi katika mji ambao tayari una polisi, magazeti na imani ya ushahidi; kazi yake ni kuwashinda wenzake kwa werevu. Bwana Msa anaishi mahali ambapo ni rahisi kuushtaki mzimu kuliko kumshtaki jirani. Mzimu hauna ndugu watakaokasirika, hauna deni, hauitwi barazani. Kila kifo kikitwikwa mzimu, muuaji anakunywa chai matangani pamoja na waliofiwa. Abdulla aliliona hilo, akamtuma mpelelezi wake akapambane kwanza na jibu lililokwisha kukubaliwa na wote, kisha ndiyo akamtafute mhalifu. Nasi huku tunajua jinsi kifo cha ghafla kinavyopewa maelezo kabla maiti haijatolewa nyumbani. Kwa hiyo riwaya hii ya kisiwani inatuhusu sana sisi wa bara.

Abdulla aliendelea na Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Kati ya hizo mimi naipenda zaidi Duniani Kuna Watu, kwa sababu fumbo lake limo katika nasaba: nani ni mtoto wa nani, na nani alificha. Msomaji hawezi kulifumbua bila kuzisikiliza familia zikisemezana.

Mchezo wenyewe hatukuazima kutoka Ulaya. Bibi zetu walipotutegea tangoch jioni, kanuni ilikuwa kwamba jibu limo ndani ya kitendawili chenyewe. Kama halimo, mtegaji amedhulumu na watoto watalalamika. Riwaya ya upelelezi iliyoandikwa kwa haki inafuata kanuni hiyohiyo. Ushahidi wote umewekwa mbele yako, kwenye ukurasa ulioupita ukidhani mwandishi anaeleza mapambo ya nyumba. Ukifika mwisho unarudi nyuma, unaona kwamba jicho lako lilipita juu ya jambo lenyewe. Sijui njia nyingine ya kumfundisha mtu kusoma kwa makini inayompa furaha kiasi hicho.

Baada ya Abdulla walikuja Watanzania wa bara. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na upelelezi ukahama kutoka mashambani ukaingia mjini, penye magari na simu. Kisha akaja Elvis Musiba, mfanyabiashara, na jasusi wake Willy Gamba. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, na Gamba anapelekwa Nairobi kuzitafuta. Wakati huo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao Dar es Salaam, na Msumbiji na Angola bado zilikuwa vitani. Katika Kikosi cha Kisasi, ya 1979, anatumwa Kinshasa. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alimuumba Joram Kiango, naye akapendwa vilevile.

Wahakiki waliziita riwaya pendwa, kuzitofautisha na riwaya dhati, na katika miaka ya Ujamaa baadhi yao waliona zinawapumbaza wasomaji kwa damu, pombe na wanawake warembo. Sehemu ya lawama hiyo naikubali. Wanawake wa Musiba mara nyingi hawana kazi ila kuwa wazuri au kuwa hatari, na msichana anayesoma leo ana haki ya kuchukizwa. Lakini angalieni jambo lililotokea huku wahakiki wakibishana. Musiba alikuwa anaandika habari za siku zake. Leo kijana wa miaka ishirini akimsoma Gamba akipiga simu ya waya hotelini na kuwashuku majasusi wa makaburu, anasoma historia. Anajifunza kwamba kuna wakati Mtanzania wa kawaida aliona ukombozi wa Msumbiji kuwa shughuli yake mwenyewe, kiasi cha kuusoma usiku kwa taa ya mafuta. Kitabu cha historia cha shule kinaweza kumpa tarehe za Kamati ya Ukombozi, na Musiba akampa joto la watu walioiamini.

Hapo ndipo riwaya ya upelelezi inapokutana na ndugu yake. Riwaya ya kihistoria nayo inauliza nani alifanya nini, na nani alinufaika na ukimya. Tofauti ni kwamba washukiwa wamekwisha kufa, na mara nyingi wao ndio walioandika taarifa tunayoitegemea.

Mwaka 1934 ulichapishwa London, kwa Kiswahili, mkasa ulioandikwa na James Mbotela wa Freretown, Mombasa: Uhuru wa Watumwa. Ni kimojawapo cha vitabu vya mwanzo kabisa vya usimulizi wa kubuni katika Kiswahili cha nathari. Baba yake Mbotela alikuwa miongoni mwa watumwa waliookolewa baharini na manowari za Waingereza na kupewa makao kwa wamishonari; kengele ya makao hayo ingali Kengeleni mpaka leo. Kitabu kinasimulia misafara, majahazi na ukombozi, na kinamsifu Mwingereza kwa moyo wote. Mtoto wa mtu aliyetolewa minyororoni ana haki ya kushukuru. Lakini mwaka huohuo wa 1934, serikali ya Waingereza haohao ilipitisha sheria ya kuwaondoa Talai, ukoo wa orkoiyot, kiongozi wa kiroho, katika nchi ya Wakipsigis. Watu wapatao mia saba, wazee kwa watoto, walihamishwa hadi Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, kwenye joto, mbung'o na malaria, na walikaa huko hadi uhuru ulipokaribia. Wengi hawakurudi. Msomaji wa Sigor anayeifungua Uhuru wa Watumwa akijua hayo anasoma kitabu kilekile ambacho mwenzake wa Mombasa anasoma, lakini swali linamjia ambalo mwandishi hakulitegemea: uhuru wa nani, na kutoka mikononi mwa nani? Swali hilo halikiharibu kitabu. Kwangu mimi kimekuwa kitamu zaidi, maana sasa nasoma pia yale ambayo Mbotela, akiwa ufukweni na shukrani zake, hangeweza kuyaona.

Anayetaka historia iliyotazamwa kutoka chini amsome Adam Shafi. Kasri ya Mwinyi Fuad, ya 1978, inauonyesha ukabaila wa mashamba ya Zanzibar na Mapinduzi ya 1964 kwa macho ya Kijakazi, mtumishi anayempenda bwana wake kupita kiasi cha kueleweka. Kuli, ya 1979, inakwenda bandarini kwenye mgomo wa wachukuzi wa mwaka 1948. Watu wa nchi ya chai wataisoma Kuli kwa namna yao: mizani, nyapara, ujira, na siku ile watu wanapotambua kwamba mzigo usipobebwa meli haiondoki. Kisha kuna Haini, ya 2003, ambayo inaunganisha aina zangu zote mbili. Rais wa Zanzibar amepigwa risasi, kama alivyopigwa Karume kweli tarehe 7 Aprili 1972, na walio madarakani wanatafuta wahusika. Ila humo uchunguzi umepinduliwa. Wanaohoji ndio wanaotisha, maungamo yanatolewa kwa mateso, na msomaji anajikuta akitaka ukweli huku akiogopa njia inayotumika kuutafuta. Shafi mwenyewe alifungwa katika kamatakamata hiyo. Sijasoma riwaya nyingine ya Kiswahili iliyonibana kifua namna ile.

Nitapita haraka kwa Abdulrazak Gurnah, ingawa anastahili mhadhara wake. Paradise, ya 1994, sasa inasomeka kwa Kiswahili kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka baada ya mwandishi kutunukiwa Nobel mwaka 2021. Mtoto anatolewa rehani kwa deni la baba yake, na anafuata msafara wa biashara hadi bara, wakati Wajerumani wanaikamata nchi. Kisomeni.

Sasa nirudi huku milimani, kwa kesi ambayo hakuna mahakama iliyoimaliza.

Kimnyole, orkoiyot wa Wanandi, alipouawa mwaka 1890, wanawe wawili waliachana njia. Kipchomber arap Koilegen alikuja kwa Wakipsigis, na Koitalel arap Samoei akabaki kwa Wanandi. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alikwenda kukutana na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani. Alipigwa risasi hapohapo, yeye na wafuasi wake. Meinertzhagen alisema walitaka kumuua yeye. Wanandi wamesema siku zote kwamba ulikuwa mtego. Jeshi lilimchunguza zaidi ya mara moja, likamwondolea lawama, na mwaka 1906 akaondoshwa Kenya. Kaka mtu, Kipchomber, alifukuzwa Kericho mwaka 1914 na kupelekwa uhamishoni, akafia huko. Meinertzhagen aliishi hadi 1967, na mwaka 1957 alichapisha shajara yake ya Kenya. Kwa miaka mingi shajara hiyo ilitumika kama shahidi mkuu.

Shahidi huyo alinaswa na watu ambao hawakuwa wakimfikiria Koitalel hata kidogo. Meinertzhagen alikuwa pia mtaalamu mashuhuri wa ndege. Nguruwe mkubwa wa msituni, anayepatikana pia katika misitu yetu ya Mau, ana jina lake katika sayansi. Alikusanya maelfu ya ndege waliokaushwa na kuyapa makumbusho ya London. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliwachunguza ndege hao upya, na mambo hayakulingana. Kila mkaushaji wa ndege ana mkono wake: jinsi anavyojaza pamba, jinsi anavyoshona, jinsi anavyopanga mabawa. Ndege waliodaiwa kushikwa na Meinertzhagen walikuwa na mikono ya watu wengine. Alikuwa ameiba ndege wa makumbusho, akabadilisha vibandiko, akaandika mahali na tarehe za uongo. Mtafiti Pamela Rasmussen alimfuatilia bundi mmoja wa India, aliyedhaniwa ametoweka tangu karne ya kumi na tisa. Meinertzhagen alidai kumshika mwaka 1914. Rasmussen alithibitisha kwamba bundi huyo aliibwa katika mkusanyiko wa mtu mwingine, akaipuuza taarifa ya uongo, akafuata zile za kweli, na mwaka 1997 yeye na wenzake wakamwona bundi wa aina ile akiwa hai. Shajara nazo zilipochunguzwa zilionekana kuandikwa upya na kuingizwa kurasa baadaye.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu lina mwendo wote wa riwaya ya upelelezi, na limetokea kweli, na linahusu damu ya watu wa huku. Mtu aliyeghushi vibandiko vya ndege ambao hawakumdhuru angeshindwa kughushi maelezo ya asubuhi ambayo ingeweza kumfikisha kwenye kitanzi? Ushahidi wa ndege hautuambii nani alifyatua kwanza. Unatuambia tu kwamba msimulizi huyu haaminiki, na msomaji wa riwaya za upelelezi anajua afanye nini na msimulizi wa namna hiyo. Agatha Christie alijenga kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1926. Sikitaji jina nisije nikawaharibia. Msomaji huyo hasemi kwamba kila kitu ni uongo. Anayatenga yale yanayotegemea neno la mshukiwa peke yake na yale yenye ushahidi mwingine, na anamrudia shahidi aliyepuuzwa. Shahidi aliyepuuzwa hapa alikuwa mzee wa Kinandi aliyesimulia kwa mdomo, ambaye kumbukumbu yake iliitwa ngano huku uongo wa afisa ukiitwa hati.

Ningependa kuisoma riwaya ya Talai kwa Kiswahili. Mwandishi wake atahitaji mafaili ya serikali yaliyoko Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, na subira ya kukaa na wajukuu wa waliorudi kutoka Gwassi. Atahitaji pia kulipinga pendo lake mwenyewe. Orkoiyot alikuwa na nguvu zilizowatisha watu wake pia, na riwaya ikimfanya malaika itakuwa dhaifu kama shajara ya adui yake. Atuandikie machifu waliohesabu watu siku ya kuhama, mama aliyefungasha vyombo, karani aliyepiga chapa orodha ya majina. Mwandishi huyo huenda yuko kidato cha pili katika mojawapo ya shule za hapa, na hatakuwa mwandishi kama hatapata kwanza nafasi ya kusoma kitabu kisichotahiniwa.

Vizuizi ninavijua. Sheria ya 2013 iliviwekea vitabu ushuru wa asilimia 16, na riwaya moja mpya inaweza kumgharimu mchuma chai kiasi kinachouma. Vingi nilivyovitaja ni vigumu kuvipata nje ya miji mikubwa. Lakini kitabu kimoja kinasomwa na watu wengi kikizungushwa. Huku kwetu chini tuna foleni za maziwa asubuhi, na wenzetu wa Konoin na Bureti wanakaa saa nzima na zaidi kwenye vituo vya kununulia majani wakingoja lori. Huo ni muda wa sura moja ya Abdulla, na inaweza kusomwa kwa sauti kwa ajili ya wasioona vizuri. Kiswahili kiliingia katika mashamba makubwa ya chai kama lugha ya amri, lugha ya nyapara kwa watu waliotoka kila pembe. Natamani mno kukisikia kwenye foleni hizo kikiwa lugha ya kubishania muuaji ni nani.

Basi tuanze na Mzimu wa Watu wa Kale. Tusome hadi mahali Bwana Msa anapokuwa ameshazungumza na wenyeji wote, tusimame hapo, na tukikutana tena kila mmoja aseme anamshuku nani na kwa ushahidi gani. Mtakaotangulia kufika mwisho, tafadhali msiwaambie wenzenu.